SOMO: KHITILAFU NA MALALAMIKO JUU YA HUKUMU ZA KUWALINDA WATOTO

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wasomaji, liko swali ambalo hutujia mara kwa mara katika darsa zetu, nalo ni hili: Ikiwa imekatwa hukumu juu ya mtoto, nami siioni kuwa ni ya haki, yanipasa kufanya nini? Aulizaye huenda akawa ni baba ambaye Kadhi amempa mama mtoto. Huenda akawa ni nyanya ambaye mjukuu wake ameondolewa nyumbani na afisa wa watoto. Au huenda akawa ni mzazi aliyekwenda kwa wakubwa wa chuo kushtaki kwamba mwanawe amepigwa hata akajeruhiwa, naye akajibiwa kwamba mwalimu hakosi. Uchungu wa watu hawa ni mmoja, walakin njia zao si moja. Na kwa sababu hiyo tumeona yatupasa kuliandikia jambo hili somo la peke yake.

Kwa kawaida tunawaona watu wakishika mojawapo ya njia tatu, na zote ni mbaya. Wa kwanza humnyakua mtoto mlangoni mwa skuli, akamvusha hata mji mwengine, akadhani kuwa ameipata haki yake. Wa pili huzunguka barazani akimtaja Kadhi kuwa amekula rushwa na mtalaka wake kuwa ni fasiki, hata jina la mtoto likawa kitoweo cha mazungumzo. Wa tatu hunyamaza kimya, akasema, “Tumwachie Mungu,” hali ya kuwa mtoto yungali katika madhara usiku na mchana. Wa kwanza ameiasi hukumu, wa pili amevunja heshima za watu, na wa tatu ameitupa amana. Na katika hao watatu hakuna hata mmoja aliyemfaa mtoto.

HAKI HII NI YA NANI?

Mlango wa kwanza wa kuingilia jambo hili ni kujua mwenye haki. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya hadhana, yaani ulezi wa mtoto mdogo: wako waliosema kuwa ni haki ya mlezi, na wako waliosema kuwa ni haki ya mtoto, na wako waliosema kuwa ni haki ya wote wawili. Lakini hata yule aliyesema kuwa ni haki ya mlezi hakumpa ruhusa mlezi huyo aitumie haki yake kwa kumdhuru mtoto.

Katika kitabu kidogo cha Abu Shujaa, ambacho wengi katika pwani yetu wamekisoma chuoni, yametajwa masharti saba ya mwenye kulea: awe na akili, awe muungwana si mtumwa, awe na dini, awe mwenye kujihifadhi na machafu, awe mwaminifu, awe mkaazi, na mwanamke asiwe ameolewa na mume mwengine. Likikosekana sharti moja, haki humwondokea. Yazingatieni masharti haya, ndugu zetu, mtaona kwamba hayakuwekwa ili kumtukuza mlezi, bali ni boma alilojengewa mtoto. Tena katika madhehebu yetu ya Shafi, mtoto akifika umri wa kupambanua mambo, nao ni kiasi cha miaka 7, huulizwa yeye mwenyewe amtaka nani. Na asili yake ni hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, kwamba Mtume (S.A.W.) alimkhiyarisha kijana baina ya baba yake na mama yake, na yule kijana akaushika mkono wa mama yake, akaenda naye.

Sheria za nchi yetu nazo zimefuata mkondo ulio karibu na huo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 53, imesema kuwa maslahi bora ya mtoto ndiyo yenye uzito mkubwa kabisa katika kila jambo linalomhusu, na kwamba mama na baba wana jukumu la sawa la kumlea, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyokuja mahali pa ile ya mwaka 2001, imejengwa juu ya msingi huo. Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao Kenya iliukubali mwaka 1990, umeitaja kafala ya Kiislamu kwa jina lake katika Ibara ya 20 kuwa ni njia mojawapo ya kumpatia makao mtoto aliyekosa wazazi wa kumlea. Basi asije mtu akadhani kuwa kumhifadhi mtoto ni jambo la kigeni tulilotiwa shingoni.

Mwenye kutaka kulalamika, basi, na ajiulize nafsini mwake kabla ya kuinua mguu: Je, ninalolilalamikia ni dhara lililompata mtoto, au ni aibu iliyonipata mimi kwa kushindwa? Ikiwa ni dhara la mtoto, na aende, wala asiogope. Ikiwa ni aibu yake, na amche Mwenyezi Mungu, kwani wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi.

HUKUMU TATU ZA KUZINGATIWA

Tumeletewa katika mapokezi hukumu tatu juu ya watoto, na kila moja ina funzo lake katika jambo hili la khitilafu.

Ya kwanza ni hukumu ya binti wa Hamza (R.A.). Katika mwaka wa 7 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alipokuwa akitoka Makka baada ya Umra, binti huyo, ambaye baba yake alikuwa ameuawa Uhud, aliwafuata akiita. Ali akamchukua. Kisha wakamgombania watu watatu: Ali, kwa kuwa ni binti wa ami yake na ndiye aliyemchukua, Jaafar, kwa kuwa ni binti wa ami yake vile vile, na mkewe ni ndugu wa mama wa mtoto, na Zaid, kwa udugu aliofungiwa na Hamza. Mtume (S.A.W.) akamhukumia mama mdogo, akaieleza na sababu, kwamba ndugu wa mama yuko mahali pa mama. Kisha hakuwaacha wagombanao waondoke na vinyongo. Alimwambia kila mmoja wao, aliyepata na aliyekosa, neno la kumtukuza na la kumtuliza moyo. Hapa tunapata mambo matatu: kila mwenye dai alisikilizwa, hukumu ilitolewa pamoja na sababu yake, na aliyekosa hakuvunjiwa heshima.

Ya pili imo katika Muwatta wa Imam Malik. Sayyidna Umar alikuwa amemwacha mkewe wa Kiansari, naye alikuwa amemzalia mtoto jina lake Asim. Siku moja alimkuta mtoto akicheza katika uwanja wa msikiti wa Quba, akamshika mkono akampandisha juu ya mnyama wake. Nyanya yake, mzaa mama, akamdiriki, akashindana naye. Wakaenda kwa Sayyidna Abubakar, na kila mmoja akasema ni mwanangu. Abubakar akamwamuru Umar amwachie bibi yule. Na mpokezi anasema kuwa Umar hakumrudishia neno. Fikirini, ndugu zetu! Huyu ni Umar, ambaye watu wazima walikuwa wakimwogopa. Na aliyemshinda ni mwanamke mkongwe. Na kinachogombaniwa ni mwanawe wa kumzaa. Hakusema kuwa ameonewa, wala hakungoja giza liingie amwibe mtoto. Baba wa leo anayevunja hukumu kwa kiburi cha uanaume wake na amtazame Umar.

Ya tatu ni khabari waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya wanawake wawili waliokuwa na watoto wao, akaja mbwa mwitu akamchukua mmoja. Kila mwanamke akasema aliyechukuliwa ni wa mwenziwe. Nabii Daud (A.S.) akamhukumia mkubwa. Walipotoka wakamwendea Nabii Suleiman (A.S.), naye akataka kisu ampasue mtoto nusu kwa nusu. Mdogo akapiga ukelele, akasema asifanye hivyo, mtoto ni wa mwenziwe. Kwa huruma ile Suleiman akamjua mama, akamhukumia yeye. Basi kuitazama tena hukumu iliyokwisha kukatwa si kuivunjia heshima mahakama, wala si kumtukana aliyehukumu mwanzo. Daud alikuwa Nabii, na hukumu yake ilitazamwa tena. Lakini angalieni njia yenyewe: walimwendea mwenye kuhukumu, hawakwenda sokoni.

KULALAMIKA SI DHAMBI

Wako watu katika sisi wanaodhani kwamba mtu mwema hanung’uniki, na kwamba mwanamke anayekwenda kushtaki amevua haya. Haya ni maneno ya watu, si ya dini. Sura nzima ya Qurani, Suratul Mujadala, imeanza kwa khabari ya mwanamke aliyekwenda kwa Mtume (S.A.W.) kumjadili juu ya mumewe, na Mwenyezi Mungu akatujulisha kuwa ameyasikia mashtaka yake. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 148, tumefundishwa kwamba Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, ila kwa aliyedhulumiwa. Aliyedhulumiwa, basi, ameruhusiwa kusema.

Walakin ruhusa hii ina mipaka. Aseme yale aliyodhulumiwa, asizidishe. Aseme kwa mwenye uwezo wa kuondoa dhulma, si kwa kila apitaye njiani. Na asikiaye ana amri yake katika Suratul Hujurat, aya ya 6, ya kuhakikisha khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Na jina la mtoto lisitajwe. Hata sheria ya nchi imekataza kutangaza jina au picha ya mtoto ambaye shauri lake liko katika Mahakama ya Watoto, kwa kuwa mashauri hukwisha, lakini mtoto hubaki na jina lake mpaka uzeeni.

NJIA YA KUFUATA

Sasa tuitaje njia kwa utaratibu wake, ili mwenye haja apate kuifuata.

Kwanza, ulizia sababu. Watu wengi hupinga hukumu wasiyoisoma. Usikubali kupokea hukumu kwa mdomo wa mtu aliyekuwapo. Itake nakala yake, uisome, au usomewe na mjuzi. Ikiwa uamuzi ni wa afisa wa serikali, Ibara ya 47 ya Katiba inampa kila aliyeathiriwa kwa ubaya haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na Sheria ya mwaka 2015 juu ya uadilifu wa maamuzi ya kiserikali imeifafanua haki hiyo. Mara nyingi mtu akiijua sababu nusu ya ghadhabu yake hupoa, na nusu iliyobaki humwonyesha pa kushika.

Pili, jaribuni suluhu katika yale yanayofaa kusuluhishwa. Siku za kumzuru mtoto, skuli atakayosoma, matumizi yake, na nyumba atakayolala wakati wa Idi, yote haya hayahitaji hakimu ikiwa watu wana khofu ya Mungu. Watafuteni wawili wenye hekima, mmoja katika jamaa za baba na mmoja katika jamaa za mama, kwa kuiga ile amri ya Suratun Nisaa aya ya 35 juu ya mume na mke. Na neno la msingi liwe lile la Suratul Baqara aya ya 233, kwamba asidhuriwe mama kwa ajili ya mwanawe wala baba kwa ajili ya mwanawe. Mkipatana, andikeni, na mashahidi watie sahihi.

Tatu, ikiwa hukumu ni ya mahakama, ipingeni mbele ya mahakama. Hukumu ya Kadhi hukatiwa rufaa katika Mahakama Kuu, na katika kuisikiliza rufaa hiyo Kadhi Mkuu au makadhi wawili wengine huketi pamoja na jaji wakimshauri. Hukumu ya Mahakama ya Watoto nayo rufaa yake huenda Mahakama Kuu. Muda wa kawaida wa kuikata ni siku 30. Basi mwenye kuzimaliza siku hizo akilalama barazani asije akasema kuwa mlango ulifungwa mbele yake. Na jueni ya kwamba kukata rufaa peke yake hakuisimamishi hukumu. Mwenye kutaka isimamishwe huiomba mahakama, na mpaka hapo hukumu hufuatwa kama ilivyo. Ama ikiwa hukumu ilikuwa sawa siku ilipokatwa, kisha hali ikageuka, kwa mfano mlezi amekuwa mgonjwa, au mtoto amekua na matakwa yake yamebadilika, hiyo si rufaa. Humrudia mahakama ile ile ukaiomba iitazame upya amri yake.

Tunawaonya vile vile juu ya desturi mbaya ya mume kumwendea Kadhi na mke kuiendea Mahakama ya Watoto kwa shauri moja, kila mmoja akitafuta amri ya kumpigia mwenziwe. Ibara ya 170 ya Katiba imempa Kadhi uwezo katika mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Amuweni mwanzo mahali pa kwenda, kisha mshikamane na mahali hapo. Mtoto mwenye amri mbili mkononi ni kama asiye na amri hata moja.

Nne, pambanueni baina ya hukumu na mwenendo. Mtu akisema, “Kadhi amekosea katika hukumu,” huyo dawa yake ni rufaa. Akisema, “Kadhi alinitukana,” au, “Faili langu limefichwa,” au, “Nimetakiwa fedha,” hayo ni malalamiko juu ya mwenendo, nayo hupelekwa kwa ofisi ya malalamiko ya Idara ya Mahakama au kwa Tume ya Huduma za Mahakama. Afisa wa watoto hushtakiwa kwanza kwa mkubwa wake katika Idara ya Huduma za Watoto. Asiporidhika mtu, iko Tume ya Haki ya Utawala iliyoundwa mwaka 2011, ambayo watu huiita Ombudsman. Tume hiyo haiingilii shauri lililo mbele ya mahakama. Wengi wamepoteza miezi kwa kuwa walipeleka rufaa kwa mpokea malalamiko, na malalamiko kwa mpokea rufaa.

YASIYOSULUHISHWA NYUMBANI

Tumekwisha kusema kuwa suluhu ni njema. Lakini suluhu ina mpaka, na mpaka wenyewe ni pale mtoto anapoharibiwa mwili wake au utu wake. Mtoto akiingiliwa, au akichezewa kwa uchafu, au akipigwa hata akavunjwa, hilo si jambo la wazee wawili kuketi juu ya mkeka na kupokea mbuzi au fedha. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, kumwingilia mtoto ni jinai ya dola. Baba hana mamlaka ya kuisamehe, wala mzee wa mtaa. Na katika sharia yetu vile vile, haki ile ni ya mtoto, na walii hana ruhusa ya kuiuza haki ya aliye chini yake kwa thamani ya kujiondolea aibu yeye. Fedha iliyopokewa namna hiyo ni haramu, na atakayeila ameila nyama ya mwanawe.

Huenda mtu akasema: “Je, hatukuamrishwa kumsitiri Mwislamu?” Tunamjibu: Ndiyo, tumeamrishwa. Lakini Imam Nawawi, katika kuisherehesha Sahihi Muslim, ameeleza kwamba sitara ni ya mtu asiyejulikana kwa maudhi na ufisadi, katika dhambi iliyokwisha kupita. Ama maasia ambayo mtu yungali nayo, ni wajibu kuyazuia, na mwenye kushindwa ayapeleke kwa mwenye mamlaka. Basi mtu anayewadhuru watoto, ukamsitiri leo, kesho utakuwa umemfungulia mlango wa mtoto mwengine.

Huenda mwengine akasema: “Wako wapi mashahidi wanne?” Tunamjibu: Mashahidi wanne ni sharti la kusimamisha hadi ya zinaa. Kumtoa mtoto mahali pa khatari si hadi, bali ni hadhari. Ukiona moshi katika nyumba huwatoi watoto baada ya mashahidi wanne kuuona moto. Walakin kwa kuwa kumsingizia mtu uchafu ni dhambi kubwa, mwenye kupeleka khabari apeleke alichokiona na alichokisikia kwa mtoto, kama kilivyo, bila ya kutia hukumu yake. Kuthibitisha ni kazi ya wenye kuchunguza. Na asiyejua pa kwenda, iko simu 116 ya kuwasaidia watoto, nayo ni bure. Wako polisi, na wako maafisa wa watoto.

WAKUBWA WA CHUO NAO WANA HUKUMU

Hapa twasema na jamaa zetu wenyewe. Kamati ya chuo inapopokea mashtaka juu ya mwalimu, nayo inahukumu, hata kama haikujiita mahakama. Na twaona, kwa masikitiko, kwamba katika vyuo vingi mashtaka hupokewa na mtu ambaye ni shemeji wa mshtakiwa, mzazi hujibiwa kwa ukali, na mwisho wake mtoto ndiye anayefukuzwa. Kisha mwalimu huhamishwa kwa siri, akapokewa katika chuo cha mji mwengine kwa barua ya sifa njema. Hiyo barua ni ushahidi wa uwongo, na kila aliyetia sahihi ana sehemu yake katika yatakayowapata watoto wa huko.

Kamati ifanye hivi. Iandike mashtaka siku ile ile, pamoja na tarehe na maneno yaliyosemwa. Ampokee mlalamikaji mtu asiye na udugu wala biashara na mwalimu. Mtoto asiulizwe-ulizwe na kila mzee, wala asisimamishwe mbele ya mwalimu anayemwogopa. Mwalimu aambiwe ajikalie mbali na watoto mpaka jambo libainike, na aelezwe wazi kuwa hiyo ni hadhari, si adhabu, na mshahara wake usikatwe. Asikilizwe naye, kwani Mtume (S.A.W.) alipompeleka Ali Yemen kuhukumu, alimfundisha asimhukumie wa kwanza mpaka amsikie wa pili. Ikiwa mashtaka ni ya jinai, kamati isijifanye polisi. Iyapeleke kwa wenyewe bila ya kuchelewa. Na mwisho mzazi ajibiwe kwa maandishi, na aambiwe pa kwenda asiporidhika.

Wako watakaosema kuwa kufanya hivi ni kuwavunjia walimu heshima. La, hasha! Heshima ya walimu wema mia huvunjwa na mmoja aliyefichwa. Mficha maradhi, kilio humfichua.

NENO KWA WENYE KUHUKUMU

Wenye kukata hukumu nao wasiyachukie malalamiko. Mtume (S.A.W.), naye ni mbora wa viumbe, aliwajulisha watu kwamba yeye ni binadamu, na kwamba huenda mmoja wa wagombanao akawa ni fasaha zaidi wa hoja, akahukumiwa kwa yaliyosikiwa, na atakayepewa kwa njia hiyo haki ya nduguye amepewa kipande cha moto. Na katika barua ya Sayyidna Umar kwa Abu Musa Al-Ash’ari imo nasaha kwamba hukumu uliyoikata jana isikuzuie kuirudia haki leo ukiiona. Ikiwa hao walikubali kutazamwa, ni nani katika sisi asiyetazamwa? Basi mwenye kuhukumu aeleze sababu yake kwa lugha anayoifahamu mama asiyesoma, amwonyeshe aliyeshindwa mlango wa rufaa kwa uso mkunjufu, na asimhesabu kila mwenye kulia kuwa ni mjeuri.

Tunamalizia kwa neno moja. Katika kila shauri la namna hii wako wanaosema sana, na yuko mmoja ambaye mara nyingi hakuulizwa. Huyo ndiye atakayelala usiku ule katika nyumba iliyochaguliwa na wakubwa. Wazazi wawili wakikhitilafiana kwa adabu, yeye hujifunza kuwa haki hutafutwa kwa njia yake; wakikhitilafiana kwa kunyakuana na kutukanana, yeye hujifunza kuwa mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Na la kuhuzunisha zaidi ni kuwa akinyamaziwa dhulma yake, hujifunza kuwa hana mtu.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA KATIKA DARSA

1. Katika hukumu ya binti wa Hamza, ni kwa nini Mtume (S.A.W.) aliwatuliza hata waliokosa? Sisi hufanyaje baada ya kusuluhisha?

2. Taja mambo mawili yanayofaa suluhu ya jamaa, na mawili yasiyofaa, ueleze tofauti yake.

3. Pana farki gani baina ya rufaa na malalamiko juu ya mwenendo? Kila kimoja hupelekwa wapi?

4. Je, chuo cha mtaa wako kina mtu maalumu wa kupokea mashtaka ya wazazi? Ikiwa hakina, ni nani atakayelianzisha jambo hili kabla ya darsa ijayo?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atujaalie kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na atujaalie kuiepuka, na awahifadhi watoto wetu na kila mwenye shari. Amin.